Kusimama Mahali pa Shiru

"Mwambie asonge left kidogo," Shiru alisema kwenye simu. "Hapo anaziba mlima."

Aliyekuwa anaziba mlima ni mimi. Nilikuwa nimesimama kwenye theluji iliyonifika magotini, jaketi limefungwa hadi kidevuni, na mchumba wangu Nderitu alikuwa ameninyooshea simu yake ili mwanamke aliyempenda kabla yangu anitazame vizuri kutoka jikoni kwake Pearland.

"Flavi, songa left kidogo," Nderitu akarudia, kama vile sikusikia.

Nikasogea. Jamani, nikasogea! Mimi Flaviana, binti wa mzee Gaudence wa Kibosho, ninayewanyoosha manesi wapya wodini mpaka wananikimbia, nilisogezwa kushoto kama stuli.

"Hapo sasa! Aki Nderi, ni pazuri," Shiru akasema. "Lakini upepo je? Gauni yangu ni ndefu, itapeperuka."

"Ngoja nicheki."

Nderitu akavua glavu. Akanyoosha kiganja hewani, akafumba macho, akasimama hivyo anausikiliza upepo kwa ajili ya gauni la Shiru.

"Upo kidogo," akasema. "Usijali, tutatafuta kwingine. Sitaki ushikwe na baridi."

Sitaki ushikwe na baridi! Wakati huo mimi midomo ilikuwa imekufa ganzi, meno yanagongana, na yeye anamwonea huruma mtu aliyekaa na chai yake Texas. Wivu ulinipanda.

Ngoja niseme ilikuwaje, maana msomaji atanilaumu kwamba nilijipeleka mwenyewe.

Nderitu anaishi Irving, pembeni mwa Dallas. Siku za kazi yuko ofisini, siku za mapumziko anapiga picha za harusi za watu wetu, Dallas na Houston. Mimi niko Alief, Houston. Tulionana kwenye harusi ya rafiki yangu Kwamboka, nikiwa nagawa keki, yeye ana kamera mbili shingoni, akasahau kumpiga bibi harusi akanipiga mimi. Tangu siku hiyo barabara ya Dallas kwenda Houston tumeijua mashimo yake yote. Namwita mchumba, lakini nasema ukweli, namwita hivyo kwa kujipa moyo. Kwetu mtu haitwi mchumba mpaka amtume mshenga akabishe hodi nyumbani, na wa kwake hajaonekana hata kivuli.

Shiru na Nderitu walikua pamoja Nyeri, ua kwa ua. Wakapendana, wakaja Marekani, wakaachana. Nikiuliza kwa nini, Nderitu anasema, "Iliisha tu." Sasa Shiru anaolewa na Sheldon, mhasibu mmoja mpole, na hataki picha za maua ya buluu ya kando ya barabara, maana kila bibi harusi wa Houston keshakaa ndani yake. Anataka theluji. Na aliyemwambia Nderitu amtafutie hiyo theluji ni mama yake Nderitu, kwa simu, kutoka Nyeri. "Msaidie Shiru, ni mtoto wetu." Mimi mama huyo hajawahi kuniita mtoto wa mtu yeyote. Aliposikia habari zangu aliuliza swali moja tu: "Kwani Nyeri wasichana wameisha?"

Kwa hiyo Nderitu aliponiambia, "Flavi, twende Frisco," nilidhani ni ile Frisco ya juu ya Dallas yenye maduka, nikamwambia sina haja ya maduka.

"Frisco ya Colorado," akacheka. "Milimani. Kwenye watu wanaenda ku-ski. Wewe na mimi."

Wewe na mimi! Nilimpigia Mama usiku huohuo.

"Huyo Mkenya ana nia na wewe," Mama aliuliza, "au anapiga picha tu?"

"Mama, safari hii atasema."

"Asiposema?"

"Asiposema, basi. Nikirudi nakata shauri, namwacha."

Nilisema hivyo, na nilimaanisha. Halafu kwenye ndege ndipo Nderitu, huku anamenya karanga, akanieleza kwamba kamera ikiona theluji nyingi inachanganyikiwa, inadhani dunia nzima ni nyeupe, na mtu mweusi akisimama hapo uso wake unatoka giza tupu. Lazima apime mwanga na mtu kabla.

"Na wewe na Shiru mko height moja," akasema. "Hata rangi mko karibu."

Kumbe nilibebwa kwa sababu ya urefu na rangi. Niligeukia dirishani nikayatazama mawingu mpaka Denver.

*

Basi Ijumaa hiyo ya mwezi wa pili, mwaka 2019, tulizunguka mji wa Frisco na milima yake kumtafutia Shiru mahali. Nilisimama ufukoni mwa ziwa lililoganda. Nilisimama chini ya misonobari. Nilisimama kwenye daraja la mbao, watu wa ski wanapita na mbao zao za kutelezea mabegani wananipungia mkono wakidhani bibi harusi ni mimi. Kila mahali Nderitu ananyoosha simu, na kila mahali Shiru anaona kasoro. Hapa gari zinaonekana. Hapa mlima mmoja tu, anataka miwili.

Pale darajani Shiru akasema kitu kwa Kikuyu. Nderitu akajibu kwa Kikuyu. Wakacheka, wote wawili, kicheko kile cha watu wanaojuana tangu wakiwa na kamasi. Nderitu akacheka mpaka akashika ukingo wa daraja.

Tulipoingia garini nilifunga mlango kwa nguvu.

"Alisema nini?"

"Nani?"

"Bibi yangu mzaa mama. Nani mwingine! Mlikuwa mnacheka nini?"

"Ah, kitu ya zamani tu. Nikikwambia kwa Kiswahili haitachekesha."

"Jaribu."

Akawasha gari, akageuza hita inielekee. "Alisema nikipima upepo nakaa kama baba yangu akingoja bei ya kahawa."

Nikangoja. "Ndiyo hiyo?"

"Si nimekwambia haichekeshi?"

"Flavi hajui baba yako anavyokaa," nikasema. "Shiru anajua. Hilo ndilo linachekesha."

Alinitazama pembeni. "Una wivu."

"Ninao! Tena ninao wa kutosha, nikiugawa hapa Frisco kila mtu atapata."

"Shiru anaolewa, Flavi. Ana bwana yake."

"Anaolewa na Sheldon, lakini anapimiwa upepo na wewe."

Aliendesha gari mpaka kwenye nyumba tuliyopanga, akanipikia chai ya maziwa, akanifunika miguu na blanketi, akafanya yote mazuri anayoyajua isipokuwa kusema lile neno. Na mimi mjinga, nilivyompenda wakati ananifunika miguu! Ndiyo maana hasira ilinizidi. Mtu usiyempenda akikukosea unamsonya, unaenda zako.

*

Jumamosi asubuhi tulipanda njia ndogo nyuma ya vituo vya ski, tunapita kati ya misonobari, pumzi inakata kwa ile hewa nyepesi ya juu. Nderitu mbele, kamera na stendi mgongoni. Ghafla alisimama, akaninyooshea mkono kifuani kunizuia.

"Usikanyage!"

Mbele yetu palikuwa na uwanda mdogo, na katikati kibanda cha mbao cha wachimba dhahabu wa kale, kimeinama kidogo. Milima miwili nyuma yake. Jua ndiyo kwanza linatokeza, theluji imelala laini, hakuna aliyeigusa, hata ndege. Upepo hakuna kabisa. Hata mimi na hasira zangu nilisema "Loh."

"Hapa mtu anaingia mara moja tu," Nderitu akanong'ona. "Unazunguka huku ukingoni, unaweka kamera, ndiyo bibi harusi anaingia. Ukishakanyaga huwezi kufuta. Mpaka ianguke ingine."

Alikuwa anaitazama ile theluji kwa macho ninayoyajua. Ndiyo yale aliyonitazama nayo siku ya keki. Nikakaa nangojea. Jamani, moyo wa mwanamke! Nilijua kabisa tulichofuata huko, na bado nilisimama pale nikisema moyoni, sasa atageuka, sasa atasema.

Akageuka. "Hapa ndipo pake," akasema. "Flavi, imagine Shiru akisimama hapo."

Akaingiza mkono mfukoni kutoa simu.

Nikaingia.

Sikufikiri. Mguu wa kwanza ulizama mpaka gotini, nikauchomoa, nikauweka mwingine. Nikaenda moja kwa moja hadi kibandani, nikakizunguka, nikarudi katikati. Nikakanyaga kulia, nikakanyaga kushoto, nikarudia nilikopita nikaona panafaa kukanyagwa tena. Nilianguka nikaamka na theluji puani, nikaendelea.

"Flaviana! Unafanya nini?"

"Nakanyaga!"

"Umeharibu! Uko na akili kweli? Umeharibu yote!"

"Si umesema itaanguka nyingine? Ianguke! Mbingu ni za Mungu, si za Shiru!"

"Hii ni kazi yangu!" Sijawahi kumsikia Nderitu akipaza sauti. "Mimi sikuji kwa hospitali kukanyagia wagonjwa wako!"

"Njoo! Njoo ukanyage! Lakini mgonjwa wangu simpimii upepo nikakuacha wewe unatetemeka!"

Nilikuwa nahema, machozi yanatoka na yanataka kuganda papo hapo. Nikaona nisipouliza sasa nitakufa nalo.

"Niambie kitu kimoja," nikasema. "Usinidanganye, hapa hakuna mtu. Bado unampenda?"

Alivua glavu, akaivaa tena. Kila alivyozidi kuchelewa ndivyo nilivyozidi kujiona narudi Houston peke yangu.

"Simpendi," akasema mwishowe. "Lakini..."

"Ahaa! Lakini!"

"Wacha nimalize. Aliniacha nikiwa sina kitu. Akasema mtu wa kamera hawezi kulisha nyumba. Mimi nikapata kazi ya ofisi na kamera sikuacha. Sasa nikipata mahali pazuri, nasema, leo ataona. Ataona ni nani aliacha." Alitazama chini. "Si mapenzi, Flavi. Ni ile tu, nilitaka aone."

Iliniuma, lakini niliamini. Ukweli una namna yake ya kutoka mdomoni, hautoki umependeza.

"Kwa hiyo yeye aone," nikasema, "na mimi nigande."

"Sikufikiri hivyo."

"Hukufikiri kabisa. Tangu jana umenipiga picha sijui ngapi, na hakuna hata moja iliyo yangu. Zote ni za kupimia mwanga wa mwenzangu. Nderitu, mimi nimekuja huku nimemwambia mama yangu kwamba utasema."

"Nitasema nini?"

"Kha! Nini? Mwaka mzima nasubiri mtu wako abishe hodi kwa Baba Kibosho! Mjomba, rafiki, mtu yeyote. Hata wa kumwokota kanisani! Hujatuma mtu. Kwetu mwanaume asiyetuma mshenga hana nia."

Nderitu alinikodolea macho. "Na mimi mwaka mzima nangoja unialike kwenu!"

"Nikualike?"

"Kwetu msichana ndiye hukwambia siku ya kwenda kwao. Huwezi jipeleka tu, utaonekana huna adabu. Nikiuliza habari ya Kibosho unasema wako salama, unanyamaza. Nikajiambia, huyu ananificha. Ati kwa sababu mimi ni Mkenya."

"Mimi nikufiche? Mpaka mbwa wa nyumbani anajua jina lako!"

Tukabaki tunatazamana, mimi katikati ya uwanda uliovurugika, yeye ukingoni, buti zake bado hazijagusa ile theluji. Nilitaka kucheka, lakini hasira ilikuwa haijashuka vya kutosha. Akatua mzigo wa kamera chini. Akaingia, moja kwa moja, bila kuzunguka, mpaka akanifikia. Akanipangusa theluji kwenye nyusi.

"Nikuoe wewe," akasema, "na mama yangu anune?"

"Ndiyo nakuuliza. Utaweza?"

"Mama ni mgumu, Flavi. Nimejaribu. Nikitaja jina lako anakwepa, anaanza kuniambia habari ya ng'ombe wake."

"Mama yako anamsikiliza nani?"

Jibu tulilijua wote. Na kama limeitwa, likaanza kuita mkononi mwake. Shiru, kwa video.

Nderitu akaitazama simu. Akanitazama mimi. Akanyoosha kidole aikate.

"Usikate," nikasema. "Nipe."

"Flavi, tafadhali. Usimtukane."

"Nipe simu, Nderitu."

Angeweza kukataa. Kama angekataa, naapa, ningeshuka ule mlima nikatafuta ndege. Aliiweka kiganjani mwangu, akasimama kando, mikono imelegea.

Shiru alikuwa ndani ya gari nje ya hospitali anakofanya kazi, amevaa sare za kazi, nywele amezibana. Mzuri, siwezi kusema uongo. Mzuri hasa.

"Nderi, umepata?" akaanza huku anatabasamu. Tabasamu likasimama. "Oh. Flaviana. Nderi yuko?"

"Yupo. Ila leo nakutafuta wewe, wifi."

"Ati nini?"

"Wifi. Mmekua pamoja, mama anakuita mtoto wake, kwa hiyo wewe ni dada yake Nderitu, na dada yake ni wifi yangu." Nilisema kwa heshima yote aliyonifunza Mama, na kila neno nililiweka mahali pake. Udada nilikuwa nimempa hapo hapo, wala sikuomba ruhusa kwa mtu. "Nina shida na familia yenu na sina mwingine wa kumtuma."

Shiru akaisogeza simu karibu na uso. Pembeni yangu Nderitu alikuwa hata hapumui.

"Naomba umpigie mama," nikaendelea. "Mwambie Nderitu amepata mchumba. Ni Mtanzania, anaitwa Flaviana, baba yake ni mzee Gaudence wa Kibosho. Mwambie wewe umemwona kwa macho yako na umemridhia. Mimi akisikia kwangu hatasikia. Akisikia kwako, atasikia."

Shiru akahamisha macho. Nadhani aliona nyuma yangu, kile kibanda na theluji iliyochakazwa, maana alikunja uso kidogo. Halafu akamtafuta mtu mwingine kwenye kioo.

"Nderi," akaita, taratibu. "Ni ukweli?"

Hapo ndipo roho yangu ilipotoka ikasimama nje. Mimi nilikuwa nimesema yangu yote, hakuna nilichobakiza. Kama kungekuwa na kicheko cha Kikuyu, kingekuja sasa. Kama kungekuwa na "lakini", ingekuja sasa.

Nderitu akasogea, akaingiza uso wake pale karibu na wangu, shavu lake la baridi likagusa langu.

"Ni ukweli," akasema. Kwa Kiswahili, ili nisikie. "Na Shiru, picha zako nitakutafutia mtu mzuri azipige. Mimi sitaweza."

Ndipo nikaona. Kitu fulani kilianguka usoni mwa yule mwanamke. Kilikuwa kidogo tu, na alikiokota upesi, akajifuta chini ya jicho na kidole kama anayetoa vumbi. Sheldon asingekiona. Hata Nderitu, aliyekuwa anatazama palepale, hakukiona. Lakini wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mimi nesi nilikisikia. Kumbe wivu wangu haukuwa wazimu. Kumbe ile milima miwili, ule upepo, zile kasoro za kila mahali, zilikuwa njia ya kumweka Nderitu kwenye simu siku moja zaidi kabla ya kuolewa.

Nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Ajabu ni kwamba sikufurahi. Nilimwonea huruma, na nikajibana kwa Nderitu kwa nguvu zaidi.

Shiru akakohoa, akajiweka sawa kwenye kiti cha gari.

"Mama hulala mapema," akasema. "Wacha nimpigie sasa hivi."

Akanitazama mimi peke yangu.

"Wifi."